Mama Vitambaa na Mawingu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una kazi mkononi, usiiache. Sikiliza huku unaendelea. Mama tunayemkumbuka leo asingekaa kusikiliza redio mikono mitupu, hata ungemfunga kamba kitini.

Alikuwa fundi cherehani. Mtaani walimwita Mama Vitambaa, na jina hilo alilipata kwa haki. Kila kitu nyumbani kwake kilivaa. Redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni chake, makochi vyao. Hata ndoo ya maji ya kunywa ilishonewa. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa akirudi safarini na kulalamika: "Humu ndani ni mimi tu sijashonewa." Naye hujibu bila kuinua macho: "Wewe unakaa lini nikupime?"

Lakini asiyekaa hasa alikuwa yeye. Mama huyu hakuwa na kituo. Anashona, anainuka, anachungulia jikoni, anarudi, anainuka tena. Sababu alikuwa nayo. Binti yake wa pekee alipatwa na kisukari akiwa bado darasa la pili. Dawa yake ni insulini, na akiba ya insulini hukaa kwenye friji. Narudia, wasikilizaji wapendwa: ikipata joto, inaharibika. Na umeme wa mtaa ule ulikuwa ukikatika unavyotaka wenyewe. Kila ulipokatika, mama huyu aliitia dawa kwenye chupa ya chai pamoja na barafu, akatoka mbio kutafuta mwenye jenereta.

"Nimekua nikimwona mama anakimbia," anasema binti yake, ambaye leo ni mwalimu wa chekechea. "Nilidhani akina mama wote wanakimbia."

Ndipo alipoamua kuhamia sola, nyumba nzima. Mashemeji walimcheka. "Jua nalo ni la kuliamini?" Akatia pamba masikioni. Fundi wa sola akaja, akapanda juu ya bati, akafunga paneli. Betri akazipanga ukumbini. Ukutani akatundika kisanduku chenye taa ndogo: ikiwa kijani, mambo sawa, ikiwa nyekundu, betri zinaishiwa.

Haukupita muda, taa ikaanza kuwaka nyekundu. Leo nyekundu, kesho nyekundu. Alasiri moja friji ikazima kabisa. Mama akashika chupa ya chai, mbio kwa jirani, kisha akamwita fundi.

Fundi akapanda. Halafu sauti ikashuka kutoka juu: "Mama, hivi ni vitu gani?"

Vilikuwa vifuniko. Mama Vitambaa alikuwa amezishonea paneli zake nguo, turubai safi, yenye mpira pembeni. Kila adhuhuri, jua likiwa kali, alipanda ngazi akazivisha. Likishapoa, anazivua. Alitaka zisiungue.

Msicheke. Haya, chekeni kidogo. Fundi alicheka mpaka akaketi juu ya bati. Mama hakucheka. Alisimama chini ya ngazi, kanga imemdondoka begani. "Kwa hiyo ni mimi?" akauliza. "Dawa ya mwanangu, ni mimi niliyekuwa naiharibu?"

Fundi akashuka, aibu imemshika. Akaongeza betri nyingine. Akamwambia, na maneno haya yashikeni: "Mama, sasa hata mawingu yatande wiki nzima, friji hii haizimi. Haihitaji kuangaliwa. Iache ifanye kazi yake."

"Mtoto naye ungeniambia nimwache ajilee?" akamjibu.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku ile mama alizidi kuhangaika. Sasa alikuwa na mambo matatu ya kuchungulia: taa ya ukutani, mlango wa friji, na mbingu. Wateja walizoea kupimwa nguo na mtu anayetazama dirishani. Harusini alituma zawadi, mwenyewe haendi. Misibani alitoa pole na kurudi mbio. Taa ilikuwa kijani mwaka baada ya mwaka, naye haiamini.

Kisha kifua kikaanza kumbana. Binti anasimulia kwa taabu: "Nilimwambia, mama, twende hospitali wakakupime presha. Akaniambia, ngoja mawingu haya yapite. Nikasema nitabaki mimi nyumbani. Akasema, wewe unatakiwa kazini, nani atabaki?" Mumewe naye alipiga simu kutoka safarini, akabembeleza, akafoka. Jibu likawa lile lile. Mawingu yalipita, yakaja mengine.

Alianguka asubuhi moja, mkasi ungali mkononi. Alifikishwa hospitali, lakini moyo ulikuwa umeshachoka. Daktari alisema presha ile ilikuwa ya muda mrefu. Ingetibika.

Siku za msiba mvua ilinyesha mfululizo. Nyumba ilijaa watu. Hakuna aliyekumbuka taa, hakuna aliyekumbuka friji. Wageni walipotawanyika, dawa ya mkobani ikiwa imekwisha, ndipo binti alipokumbuka akiba, akakimbilia jikoni kama alivyokuwa akikimbia mama yake.

"Nikafungua friji. Ilikuwa baridi," anasema. "Dawa zote nzima. Mvua siku zote zile, na hakuna mtu hata mmoja aliyeilinda. Nikakaa sakafuni nikalia. Mama angeweza kwenda. Siku yoyote ile angeweza kwenda."

Wasikilizaji wapendwa, kwa binti huyu, kwa baba yake, kwa wateja na majirani wa Mama Vitambaa, tunatoa pole kutoka moyoni. Mungu amlaze mahali pema, na huko apumzike kweli, maana huku hakupata nafasi.

Nanyi mnaonisikia, mtazameni mtu mmoja humo ndani mwenu. Yupo. Ni yule anayesema ataenda kupimwa wiki ijayo, mambo yakitulia. Hayatulii. Basi zima redio hii sasa hivi. Mletee viatu vyake, umshike mkono, mtoke. Kipindi kitaendelea bila nyinyi.