Paa la Revocatus Limegoma Hewani

Kijiwe chetu hapa Mugumu, kona ya kwenda Manchira, hakijawahi kukosa ujinga, ila wa juzi ulivuka mpaka. Revocatus alikuwa ameuza ng'ombe wote wa mahari ya dada yake Mokami, aliyeolewa Machochwe. Hao ndio wangetolewa mahari ili naye amwoe Gati, binti wa Susuni. Akanunua gari la mtumba, lile ambalo paa lake la bati linajikunja lenyewe na kujilaza kwenye buti. Sasa baba yake Gati yuko njiani kuja kukagua ng'ombe, kama desturi ilivyo, na paa limegoma katikati: halifungi, halifunguki. Mawingu yanapanda. Sisi tunakunywa kahawa na kucheka.

Athanas, tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani, ndiye aliyeanza.

PROFESA: Hiyo pampu ya oili inavuja. Juzi si ulikuta kapeti imelowa?

REVOCATUS: Yale yalikuwa maji. Mipira ya pembeni imechoka, mvua inaingia kidogo.

— Kidogo? akadakia Selestine, mama kahawa wetu. Si ulikuja kuazima kikombe changu ukayachote!

Deus aliwahi kuuza duka Sirari, mpakani na Kenya, basi anajiona Mkenya.

DEUS: Sikiza, boss. Hilo gari liko na akili. Mle kwenye buti kuna kizuizi cha mizigo. Kisipokaa sawa, paa linakataa. Umebeba nini?

REVOCATUS: Mtama. Gunia moja tu.

DEUS: Si unaona! Hapo ndipo paa linalala, wewe umelaza mtama.

SELESTINE: Kumbe ni gari la kubebea upepo.

PROFESA: Mimi nasema limeogopa. Jana lilipita kando ya hifadhi likiwa wazi, fisi akachungulia. Tangu hapo halijui lijifunike au likimbie.

DEUS: Basi lichinjiwe mbuzi!

REVOCATUS: Chekeni tu. Mzee akiliona, ng'ombe atawasahau.

Hapo nikakasirika.

— Wewe! Mokami ameolewa ili na wewe uoe. Umeuza jasho la dada yako, unatuletea kopo!

Revocatus akaligeukia gari. Akabonyeza swichi tena. Gari likalia tii, betri ikafa.

Ndipo pikipiki ikasimama, akashuka mzee mwenye fimbo. Baba yake Gati. Tukainuka wote.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Nimeelekezwa hapa. Ng'ombe wako wapi, kijana?

— Baba, niliwauza nikanunua hili. La kisasa.

Mzee hakugomba. Akalizunguka pole pole, kama wanavyokagua ng'ombe mnadani. Akapapasa ubavu. Akainama kutazama chini. Akajaribu kuingia kiti cha nyuma, magoti yakakataa. Akasimama, akamwangalia Revocatus kwa upole kabisa.

— Sasa mwanangu, hili linazaa?

Revocatus akatuangalia. Profesa akashusha macho. Deus akameza kahawa iliyokwisha kupoa.

Mzee akasubiri jibu kwa heshima zote, kisha akapanda pikipiki.

— Nirudishe stendi, akamwambia dereva.