Taa Kwanza, Matusi Baadaye: Kumuaga Mzee Tanas

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Bwana Atanas Kurtev, fundi wa kompyuta wa hospitali yetu, anastaafu tarehe 31 Machi. Sisi tunamwita Mzee Tanas. Yeye hutuita "wavunjaji wangu".

Aliajiriwa kama fundi umeme. Kompyuta za kwanza zilipofika akakabidhiwa yeye, kwa sababu ndiye pekee aliyekubali kusoma kijitabu cha maelekezo. Nyingine tunazo hadi leo, na kila kadi ya mtandao iliyokufa ikafufuka imepita mikononi mwake. Ukimpigia simu kulalamika kwamba mtandao umekatika, jibu lake ni moja: "Taa kwanza, matusi baadaye." Yaani tazama nyuma ya kompyuta kama kitaa cha kadi kinawaka, ndipo uanze kulaumu. Kisha waya. Kisha kadi yenyewe, ambayo huichomoa na kuyasugua meno yake kwa kifutio cha penseli. Malipo yake ni kipande cha banitsa, lile andazi letu la jibini, na ukimpa cha juzi anajua.

Wapishi hawajasahau lile juma ambalo kila mara kompyuta ya jikoni ilipowashwa, ya mapokezi ilipoteza mtandao. Mapokezi wakawanunia wapishi. Mzee Tanas akagundua kuwa mashine zote mbili zilipewa anwani moja ya mtandao, na aliyezipa ni yeye mwenyewe. Alikiri mbele ya watu wote kwenye foleni ya supu ya maharage.

Makosa yake huyatangaza. Ya wengine ni habari nyingine.

Miaka kumi na moja iliyopita wakaguzi wa mkoa walikuja maabara, ninayoiongoza. Walisema wazi kwamba majibu ya damu yasipofika wodini kwa mtandao kabla ya saa sita mchana, maabara itafungwa. Saa nne mtandao ukakatika. Mkaguzi mmoja akasema kompyuta ile ni ya kutupwa. Mimi na wasaidizi wangu wawili, tukijiona hatuna kazi tena, tukamwita Mzee Tanas.

Akaja, akaingia chini ya meza. Akachomoa kadi, akaisugua bila haraka, akairudisha. Taa ya kijani ikawaka.

"Kadi ilikuwa chafu," akawaambia. "Mashine ni nzima, na wanaoitumia wanajua kazi."

Ndivyo alivyoandika kwenye kitabu cha hitilafu, na maabara ipo hadi leo.

Kadi haikuwa chafu. Asubuhi ile nilikuwa nimemwona korongo wa kwanza, kwa hiyo uzi wangu mwekundu na mweupe, ambao kwetu huvaliwa Machi kwa ajili ya afya hadi korongo aonekane, ulipaswa kutoka mkononi ukafungwe kwenye mti unaochanua. Nje kulikuwa na matope. Nikaufunga kwenye waya wa mtandao wa kompyuta, nikiitakia afya, na nilipokaza fundo nikaichomoa plagi nusu. Kesho yake niliukuta uzi ule, wenye ushanga wa buluu alioutia mama yangu, umefungwa kwenye mti wa plamu pale getini. Hajawahi kunitajia, hata kwa utani, naye hutania kila kitu.

Mzee Tanas, asante sana. Tutakukosa. Nenda kwenye bustani yako ya nyanya, ukae na afya, simu yako isilie kabla ya kifungua kinywa. Mwaka huu uzi wangu nimeupeleka mtini mwenyewe. Na kitabu cha hitilafu nimekisahihisha kwa kalamu nyekundu: kadi ilikuwa safi, kosa ni la Snezhana.

Snezhana Rusinova, Maabara