Shangazi Aliyetutoa kwenye Programu za Wizi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, fundi wetu wa kompyuta anastaafu. Jina lake kamili limo kwenye jalada lake la ofisini. Sisi tunamwita Shangazi, hata mkurugenzi, ambaye kwa umri ni kaka yake.

Alipoajiriwa, shirika letu la kugawa viti vya magurudumu lilikuwa na kompyuta nne na, aibu iliyoje, zote zilitumia programu za wizi. Leseni hatukuzimudu. Shangazi akaja na programu huria, zile ambazo mtu yeyote ana ruhusa ya kuzitumia, kuzirekebisha na kumgawia mwenzake. Tulimcheka. Mhasibu alisema vya bure anavijua yeye. Mimi, katibu muhtasi, nilikuwa mbishi kuliko wote: nilikubali kwa mdomo, kisha nikaificha programu yangu ya zamani kwenye folda niliyoiita "Mazishi", nikijua hakuna atakayeifungua.

Virusi havikuogopa mazishi; viliingia kupitia programu ile ile niliyoificha. Asubuhi moja orodha ya watu mia tatu na kumi waliokuwa wakisubiri viti ikawa haisomeki. Wengine walikuwa wamesubiri miaka miwili. Nililia, sioni haya kusema. Shangazi hakunigombeza. Alitoa majalada ya karatasi stoo, akaketi nami siku tisa, tukaandika upya jina kwa jina, safari hii kwenye programu huria. Hakuna aliyepoteza nafasi yake. Siku ya tisa nilikuwa nawafundisha wenzangu, tena kwa madaha.

Tangu hapo amehamasisha mashirika kumi na saba kuhamia programu huria, kuanzia kituo cha yatima hadi chama cha wasioona. Sharti lake ni moja: yeye hagusi kibodi. Mwenye kompyuta ndiye abonyeze, hata ikichukua kutwa nzima.

Wiki iliyopita kompyuta yenye orodha iligoma, na watu wanane wako barazani wakingoja viti. Nikamkimbilia. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Mimi nimeshastaafu," ingawa tarehe yake ilikuwa haijafika. Nilikasirika, sifichi. Tulihangaika saa mbili, mimi na mhasibu, mpaka orodha ikafunguka na mtu wa kwanza akaitwa. Nilipogeuka, Shangazi alikuwa mlangoni, anafuta machozi.

Shangazi, asante kwa kukataa kutufanyia kazi yetu. Pumzika kwa afya na furaha. Tukikupigia simu, itakuwa ni kukujulia hali tu.