Siku Saba Ambazo Mungu Hakuzisema

Wapendwa, mkiniona nimeshika kiti hiki msidhani ni madaha. Ni woga. Mara ya mwisho kusimama mbele za watu nikiwa na ujasiri mwingi, nilisema uongo kwa jina la Yesu. Leo mnanipokea niwe mwinjilisti wenu hapa Buzebazeba, nikaona si haki mnipokee bila kujua.

Elimu yangu ni darasa la saba, mnajua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kijijini kwetu ufukweni, mbele kidogo ya Ilagala. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, boti zinavuka kutoka ng'ambo ya ziwa kila wiki, watu wanashuka na magodoro, na kuku, na watoto wamelowa. Miaka migumu, lakini niwaambie ukweli, naikumbuka kwa moyo laini. Kwaya yetu ilikuwa ya watu tisa, na mmoja hakuwa na sauti, tunamvumilia tu. Walipokuja wale wa ng'ambo na ngoma zao, bati la kanisa lilikuwa linatikisika! Harufu ya mawese inatoka kila jiko. Na Kiswahili chao, jamani, kitamu, unataka mtu aendelee kuongea hata kama anakugombeza.

Mimi ndoto yangu ilikuwa moja: kuhubiri kwa vipaza sauti, watu wamejaa hadi barabarani. Kwa kuwa watu hao sikuwa nao, nilihubiria dagaa. Msicheke. Mama alikuwa anaanika dagaa mchangani, mimi kazi yangu kuwageuza, basi nawageuza huku napaza sauti: "Tubuni, saa imewadia!" Mama ananiambia, "Wewe, hao wameshakufa. Wageuze tu wasioze."

Mchungaji wetu alikuwa mzee wa baiskeli, anahudumia vijiji vinne. Jumapili asipokuwepo, niliongoza mimi. Na kwetu, mwenye haja anakuja mbele, kanisa lote linaomba kwa sauti pamoja, halafu kiongozi anafunga maombi peke yake. Kufunga ndiko nilikokupenda. Ndipo wote wanakusikiliza wewe.

Jumapili moja alikuja mbele mama mmoja wa ng'ambo. Jina lake nitalihifadhi. Alikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitano hivi, na mwingine mchanga mgongoni. Mume wake alibaki kumchukua mama yake mzee, akasema atapanda boti ya nyuma. Boti ya nyuma ilifika bila yeye. Nyingine pia. Huyu mama alikuwa na shati la mumewe, la bluu, kila asubuhi anakuja kulianika pembeni ya dagaa wetu ili mumewe asije akalikuta linanuka.

Kanisa likaomba. Nikafunga. Nikasema, "Bwana, mrudishe." Watu wakasema amina. Nikasema, "Mrudishe upesi!" Amina ikawa kubwa zaidi, ngoma ikagongwa. Ndugu zangu, nawaambia, amina inalevya. Nikajisikia nimeinuliwa juu, nikamwelekezea kidole yule mama, nikapiga kelele: "Ndani ya siku saba mumeo atakanyaga mchanga huu!"

Yule mama alipiga magoti. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikatoka nje nikijiona nabii.

Siku ya tatu lori la kuwapeleka wakimbizi kambini likaja. Kambini kuna mgao wa chakula, kuna zahanati, na wenzake wote wakapanda. Yeye akakataa. Akamwambia msimamizi, "Miye siendi. Muhubiri alisema siku saba." Nilikuwa nimesimama pale pale, hatua chache. Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo. Sikuufungua. Na niseme lote, moyoni nilifurahi.

Siku ya saba aliwaogesha watoto, akawapaka mawese miguuni na mikononi wakang'aa. Akaomba samaki wawili, migebuka, kwa mama yangu, akawapika. Akakaa mchangani na shati mapajani. Boti zikaja, zikashusha watu, zikaondoka. Jua likashuka kule kule milimani kwao. Ndipo akanifuata, na hakuja kwa hasira. Afadhali angekuja kwa hasira.

"Muhubiri, labda miye nilihesabu mubaya. Siku za Mungu zinahesabiwa tangu ile Jumapili yenyewe, ama tangu kesho yake?"

Hapo, wapendwa, ndipo nilipoanguka. Kule kanisani niliteleza, lakini hapa nilianguka nikiwa na akili timamu. Nilimjibu, "Mama, labda imani yako imepungua."

Akaniangalia, kisha akaitika taratibu, "Ndiyo. Labda."

Akaanza kufunga ili imani yake iongezeke. Hakula, na huku ananyonyesha. Siku ya tatu ya mfungo wake mama yangu alirudi kutoka pale alipojihifadhi yule mama wa ng'ambo, akanikuta nageuza dagaa.

"Yule mtoto ananyonya hewa," akasema. "Maziwa yamekata. Nimempa mama yake uji, anasema hali mpaka Mungu amsamehe. Amemkosea nini Mungu?"

Sikuweza kumwangalia mama yangu usoni. Nilitupa reki, nikakimbilia kwenye michikichi nyuma ya kijiji. Nikapiga magoti niombe, midomo ikakataa. Mimi, mwenye maneno mengi hata kwa samaki!

Baada ya kitambo nikasikia baiskeli. Mama alikuwa amemtuma mtu kumwita mchungaji. Mzee aliiegemeza kwenye mchikichi, akakaa chini na suruali yake ya ibada.

"Shikamoo, mchungaji."

"Marahaba. Mungu alikwambia siku saba?"

"Hapana."

"Nani alikwambia?"

"Zile amina, mchungaji."

Hakucheka. Akaniuliza, "Yesu alipofika kwa rafiki yake aliyekufa, alijua atamfufua au hakujua?"

"Alijua."

"Akafanya nini kwanza?"

"Alilia."

"Yeye aliyejua, alilia. Wewe hukujua lolote, na hukulia." Akaendelea, "Na kule bustanini aliomba kikombe kimwondokee. Kiliondoka?"

"Hakikuondoka."

"Basi imani yake ilipungua?"

Nikaanza kulia kama mtoto. Akaniacha mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Nenda ukamwambie ukweli. Halafu usiondoke. Kaa."

Nilimkuta mchangani, shati limeanikwa. Nikapiga magoti mbele yake. "Mama, Mungu hakuniambia siku saba. Nilisema mwenyewe, nilipenda kusikilizwa. Imani yako haina kosa lolote. Nilikudanganya mara mbili."

Nikawa nasubiri anitukane. Akauliza tu, "Basi miye sikumukosea Mungu?"

"Hukumkosea, mama."

Ndipo akalia. Mama yangu alisema baadaye kwamba tangu avuke ziwa hakuna aliyemwona akilia, maana alidhani machozi ni kukosa imani. Alilia, na mimi nikakaa. Mama akaja na uji. Akanywa. Akanywa na kikombe cha pili. Mtoto akawekwa kifuani, akahangaika, akatulia.

Kisha akaniambia, "Sasa omba."

"Mama, sina maneno."

"Omba hivyo hivyo."

Nikalitaja jina la mume wake. Nikasema, "Bwana, hatujui alipo. Wewe unajua. Kaa naye, na sisi kaa nasi." Basi. Ngoma haikugongwa.

Lori liliporudi alipanda, ameshika lile shati. Mtoto wake wa kike alinipungia mkono mpaka walipopotea kwenye vumbi. Nyie, hata leo nikipita mahali dagaa wameanikwa, macho yangu yanatafuta bluu.

Namshukuru mchungaji wangu, ambaye baiskeli yake sasa imepumzika na yeye pia. Namshukuru mama, yule pale nyuma, anayejifanya anamfunga mtoto wa watu kitambaa. Na namshukuru yule mama wa ng'ambo, aliyenifunza uchungaji kabla sijasomea hata wiki moja. Mwaka jana mtu aliyetoka kambini aliniletea salamu zake. Yule mchanga amekuwa mkubwa. Baba hajaonekana bado. Akaongeza: "Mwambie muhubiri asiache ile sala yake ndogo."

Sijaiacha. Nitakapokuja nyumbani kwenu kwenye ugonjwa au msiba, msinidai siku, sina. Nitakuja kukaa, na tutamwambia Mungu tusichokijua. Na sasa hivi, tukimwombea yule baba, nawasihi wapendwa wangu, amina moja inanitosha. Isemeni polepole.