Kiapo cha Haji Belgacem

Mheshimiwa Gavana; Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Wakulima wa oasisi yetu; Daktari Radhia Guesmi, anayestaafu, ambaye leo tunamuaga; wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Nimeombwa, kama mkuu wa maabara, niseme machache. Daktari Radhia anajua sina mengi.

Wengi wenu mnaikumbuka karamu ile. Ndani ya vinundu vya mizizi ya alfaalfa, majani ya kulishia mifugo, shambani kwa Haji Belgacem, Daktari alikuwa amepata bakteria anayestahimili chumvi ya maji yetu, na vipimo vya mwanzo vilionyesha kuwa ni spishi mpya. Habari haikukaa maabara. Jenomu, yaani jumla ya vinasaba vyake, haijasomwa yote, Haji keshachinja kondoo, kuskusi imeiva, na mtangulizi wako, Mheshimiwa Gavana, anahutubia. Daktari akafika amechelewa, akasimama mbele ya masinia.

“Jamani, si mpya. Jenomu yake inafanana kwa asilimia tisini na saba na ya bakteria aliyekwisha kupewa jina ng’ambo. Ingekuwa chini ya tisini na tano, hapo tungezungumza.”

Haji akauliza, “Sasa binti yangu, huyu kondoo tumrudishe zizini?”

“Mleni tu, ami. Yeye hana kosa.”

Nani angejua, kama angenyamaza hadi watu wanawe mikono? Wapo waliosema ametuaibisha. Mimi nasema ndiye aliyetujengea jina, kwa maana tangu siku ile jibu likitoka kwetu, wenzetu hulipokea bila kuguna. Haji naye akaapa: “Wallahi, sichinji tena mpaka jenomu irudi na kusema ni mpya!” Na kiapo cha mtu wa kusini mnakijua.

Mwaka huu, katika shamba lilelile, Daktari amepata bakteria mwingine. Safari hii alikataa kujipimia. “Mwenye kesi hawi hakimu,” alisema, akaipeleka jenomu kwenye maabara nyingine na kuagiza majibu yaje kwangu. Kila asubuhi alipita mlangoni pangu. Haulizi, ananitazama usoni, anakwenda zake. Juzi amekabidhi funguo za maabara bila kujua majibu, na najua limemuuma. Ni nani asiyeumwa, akiacha kazi ya maisha yake bila kujua kama alichokitafuta amekipata?

Majibu yalifika jana. Nimemwambia mtu mmoja tu.

Daktari Radhia, asilimia sitaisoma hapa. Najua hutaiamini mpaka uikague mwenyewe. Lakini tangu nianze kusema nakuona unageukia mlango wa uani, kisha unajikaza. Geuka tu, dada yangu. Pua yako haikudanganyi. Haji amechinja.

Nawashukuru nyote kwa kufika na kwa kunivumilia. Asanteni kwa kunisikiliza. Twendeni, chakula kisipoe.