Mama Vigae na Meza ya Dirishani

Ndugu, jamaa, majirani na wanachuo mliofika kutufuta machozi, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, na kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kusoma, tena kwa ukali, mnivumilie nikikwama.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yetu fundi viatu, akiwa mtoto wa kwanza, na mama alizoea kusema kwamba binti huyu alianza kuuliza maswali kabla ya kuota meno, maneno ambayo baba aliyapunguza kidogo lakini hakuyakana.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1971, ambako aliadhibiwa kulima bustani ya shule, akaokota vigae vya chungu cha kale, akavifunga kwenye leso akaja navyo nyumbani kama aliyeshinda zawadi, na tangu hapo jina alilopewa na wazazi likasahaulika, akawa Vigae, na baadaye Mama Vigae. Alisomea akiolojia chuo kikuu kuanzia 1977, akaajiriwa humo humo tarehe 1 Septemba 1981, akastaafu mwaka 2017, ingawa kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa jina tu, maana kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni pa maktaba ya sanaa na akiolojia, akimngoja mkutubi afungue.

Maktaba hiyo haiazimishi vitabu, mkoba unauacha mlangoni, unaandika kwa penseli tu, na mtafiti anaruhusiwa kuacha rundo lake mezani ili aendelee kesho, ila meza ikikaa wiki nzima bila mtu, vitabu hurudishwa rafuni. Dada alishika meza ya dirishani, na hapo ndipo alipopatia mume, kwani mwaka 1984 fundi umeme aliletwa kubadilisha taa iliyo juu yake, naye dada akakataa kuinuka mpaka amalize ukurasa, fundi akasubiri ameegemea ngazi, na ukurasa ule, shemeji anaapa mpaka leo, haukuwa na mwisho. Walifunga ndoa tarehe 6 Julai 1985, wakajaliwa binti ambaye ni muuguzi, na kijana ambaye ni fundi magari, na wajukuu watatu wanaojua kwamba kwa bibi kikombe kikivunjika hakitupwi.

Kazi yake kubwa ilikuwa kitabu kuhusu vyungu vya kale vilivyotobolewa matundu kandokando ya ufa, kwa sababu aliamini kwamba wenyewe walivishona kwa kamba, na kwamba mtu anayeshona chungu badala ya kufinyanga kingine ana jambo la kutuambia. Katika hilo alikuwa na mpinzani, mhadhiri mwenzake, ambaye yuko nasi hapa, aliyeandika kwa zaidi ya miaka ishirini kwamba matundu yale yalikuwa ya kuning'inizia vyungu basi, dada akamjibu, naye akajibu, na kwa kuwa ripoti ya uchimbaji waliyoitegemea ilikuwa na nakala moja tu, nayo hairuhusiwi kulala mezani, waligombea kuwahi asubuhi, aliyetangulia akakaa nayo, mwenzake akazunguka kwenye rafu amenuna. Nyumbani tulilisikia jina la bwana huyu kuliko majina ya mashangazi zetu.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, kitabu kikiwa kimebakiza sura ya mwisho, akasema kwamba amefukua makaburi mengi mno hata aogope la kwake, lakini sura ile ilimuuma, na tusifichane, aliilia. Alilazwa mwezi Mei, wiki zikapita, sote tukajua kwamba rundo lake limekwisha kurudishwa, hadi binti yake alipokwenda kumchukulia miwani akakuta vitabu vyote viko pale pale, na mkutubi akamweleza kwamba yule mpinzani kila asubuhi huiacha meza yake mwenyewe, akakaa kwenye ya mgonjwa, ili isihesabiwe kuwa haina mtu. Aliposimuliwa, dada alicheka hadi muuguzi wa zamu akaja kuchungulia, kisha dada akasema kumbe bwana yule ripoti anayo mbele yake siku zote hizo na bado matundu hajayaelewa.

Jumapili tarehe 9 Julai aliwaita mumewe na watoto, akaagiza kwamba sura ya mwisho asipewe mwanafunzi wake yeyote, kwani wanafunzi wanampenda na watamfunikia makosa, apewe mpinzani aimalizie, na asipokubaliana naye aseme hapo hapo kitabuni, kwa jina lake, bila kumwonea haya maiti. Alifariki alfajiri ya Jumatano tarehe 12 Julai 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia bila kuchoka, majirani mliotupikia na kukesha nasi, uongozi wa chuo, na wafanyakazi wote wa maktaba. Na wewe, bwana mpinzani, ulimtunza dada yetu bila kutuambia, nasi tulikuwa tumekusema vibaya miaka yote hiyo, basi lia nasi kadiri utakavyo, hapa ni kwenu, ila Jumatatu maktaba inafunguliwa, na sura haijaisha.

Dada, kazi yako umemwachia anayekupinga, nasi tuliokupenda bila kuthubutu kukupinga tumeridhia, tumekuaga, pumzika kwa amani.