Bi Vitufe, Mjenzi wa Skrini

Ndugu, majirani na nyote mliofika kumsindikiza, mpendwa wetu, ambaye wengi mlimzoea kwa jina la Bi Vitufe, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya karakana, akiwa mtoto wa tatu wa fundi wa ishara za treni.

Alianza shule ya msingi ya hapo relini Januari 1965, akaendelea na sekondari ya wasichana, akahitimu chuo cha ufundi mwaka 1979 katika uchoraji wa majengo, kazi aliyoifanya hadi tarehe 2 Mei 1991, alipoajiriwa na kampuni ya programu za kompyuta, ghorofa ya pili juu ya duka la vioo, kuwachorea skrini.

Kwa wasioijua kazi hiyo tutaieleza kidogo, maana yeye asingekubali muondoke bila kuelewa. Kitufe mnachokiona kwenye skrini ni picha tu, ila nyuma yake ipo sehemu ya programu inayosikiliza, kidole kikigusa inaiamsha sehemu nyingine ikatende, na mjenzi lazima ahakikishe kwamba mtu akiiona picha anajua ni ya kubonyezwa, na akiibonyeza anajibiwa palepale. Ili kulithibitisha hilo, marehemu alimkalisha mtu mbele ya skrini mpya, akampa kazi moja, kisha akanyamaza, na mtu akikwama hakumsaidia, alimtazama tu na kuandika, kwa sababu, alisema, skrini ikishafika kwa wenyewe yeye hatakuwapo kuwanong'oneza. Karani mmoja wa benki alilia mbele yake, naye akamsogezea kitambaa na kuendelea kuandika.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983 na mpiga chapa, aliyemtangulia mwaka 2006, wakajaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 4 Juni 1985. Binti huyo alikalishwa kwenye kiti hicho cha majaribio akiwa na miaka saba, akakwama, akageuka kumtafuta mama, akakuta uso usiosema kitu. Alipokua akaisomea kazi hiyohiyo, na kila skrini aliyoileta nyumbani alielezwa makosa yake moja baada ya jingine, yaliyo sawa hayakutajwa kamwe, hata wenzake kazini wakamtania kwamba atasifiwa siku ya mazishi, ila hawakusema ya nani.

Septemba 2021 marehemu aligundulika na ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ukachukua miguu, ukachukua sauti, kisha mikono, ukamwachia kidole gumba cha kulia. Binti akamjengea skrini yake mwenyewe, yenye visanduku safu moja, mwanga ukipita kimoja baada ya kingine, na ukifika anapotaka anakandamiza swichi kwa gumba, kompyuta inamsemea: maji, nigeuze, maumivu, na mwisho herufi za kuandikia. Kabla ya maumivu, binti aliweka kisanduku ambacho hakuombwa, kilichoandikwa "Asante, mwanangu".

Mwanga ukawa unakipita. Kila ulipokikaribia binti aliacha alichokishika, akalitazama gumba, na gumba likatulia mpaka kwenye maumivu. Akadhani mama hakioni vizuri, akakikuza, akakitia rangi ya kijani, akaufanya mwanga ukae hapo kidogo zaidi. Tarehe 11 Februari 2024, mchana, wodini, muuguzi akiwa amemshikilia kichwa, marehemu aliziendea herufi, na alipomaliza sauti ya kompyuta ikasoma: "Kitoe cha asante. Kinachelewesha maumivu."

Muuguzi alitoka nje. Binti alivuta kiti, akakifuta kisanduku, akaijaribu skrini mara moja. Jioni maumivu yalipokuja mwanga ulifika upesi, gumba likakandamiza, sindano ikaja kwa wakati, na skrini ile, kwa kipimo cha marehemu mwenyewe, haikuwa tena na kosa. Alifariki tarehe 13 Februari, alfajiri, hospitalini, bintiye akiwa kando ya kitanda, hajatajiwa kosa lingine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, majirani waliokesha nasi, nanyi wafanyakazi wenzake, ambao tunajua mliumia mikononi mwake, na bado mmekuja.

Pumzika, mama, sasa hakuna unachokisubiri.